Makohozi ya Asubuhi

Mtu akiambiwa anakwenda kupigwa picha, huvaa. Shilinde alivaa. Alivaa koti la mtumba alilonunua mnadani Dumila, akamtaka mkewe Limi ampake mafuta mpaka nyuma ya masikio, wakatoka kijijini kwao upande wa Mikumi kwenda Kilosa mjini kama watu wanaokwenda harusini. Kumbe picha yenyewe ni ya kifua, na jambo la kwanza aliloambiwa ni avue koti, na shati pia.

"Kumbatia hiki kibao, mzee. Kidevu juu. Vuta pumzi, ishike hapo hapo," alisema mpiga picha.

Limi alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia mumewe aliyebaki mbavu wazi, aibu imemshika yeye. Aliambiwa atoke mara mbili ndipo akatoka.

Yote haya kwa sababu ya kikohozi. Shilinde alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi, na suruali zikaanza kumvuka. Limi naye alikuwa akikohoa, lakini chake kilikuwa cha vumbi la mashine ya kukoboa mpunga. Siku hizi za soko huria kila mwenye uwezo anafungua chake, na huyo wa mashine alikuwa ameifungua jirani kabisa na nyumba yao. Kikohozi cha vumbi, kwa hesabu ya Limi, hakikuwa ugonjwa.

Dokta Lupakisyo alikuwa kijana. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, pafu lako la kulia, hapa juu, lina kivuli."

Shilinde hakumwangalia daktari. Alimgeukia mkewe, akamuuliza kwa Kisukuma, "Ulikuwa umesimama wapi?"

Swali lile lilimkata maini Limi. Nani asiyejua kwamba mtu akisimama vibaya, kivuli chake kinaingia kwenye picha? Picha ya kipaimara ya Jovin, mtoto wao wa kwanza, mpaka leo ina kivuli cha kofia ya mpiga picha miguuni pa padri. Na yeye alisimama mlangoni.

"Dokta," alisema, "hicho kivuli ni changu. Piga nyingine, mimi nitakaa mbali."

Daktari hakucheka. "Hapana, mama. Si kivuli cha mtu. Ile mashine inapitisha mionzi mwilini. Pafu lenye afya lina hewa, mionzi inapita, kwenye picha panakuwa peusi. Penye ugonjwa mionzi inazuiwa, panakuwa peupe. Hapo ndipo tunapaita kivuli."

"Kivuli cheupe?"

"Cheupe."

Mtu anayekwambia kivuli ni cheupe, utaanzia wapi kubishana naye?

"Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani," aliendelea daktari. "Picha peke yake haitoshi. Tutapima makohozi. Wadudu wakionekana, mzee atalazwa miezi miwili aanze dawa."

Katika maneno yote hayo Limi alibaki na moja: atalazwa. Dotto, mdogo wake Shilinde, alilazwa kule Shinyanga kabla hawajahamia huku na ng'ombe wao. Aliingia wodini kwa miguu yake, akatolewa ndani ya blanketi. Limi alimpenda mumewe, ingawa hakuwa mtu wa kulisema hilo hovyo, na sasa aliogopa hata kumtazama. Angelazwa kwa kosa la mkewe kusimama mlangoni.

Nesi Gaudiosa aliwapa vikopo viwili vyenye vifuniko. "Kimoja sasa hivi. Cha pili kesho asubuhi, kabla ya kula. Mate sitaki, mzee. Nataka kinachotoka ndani kabisa."

Walilala kwa Jenipher, muumini mwenzao, nyuma ya soko. Asubuhi Shilinde alichuchumaa uani akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mate. Akajaribu tena. Mate. Akakimwaga kikopo, akakiweka chini, akaenda kunawa uso kwa hasira.

Ndipo Limi akakohoa. Kikohozi chake cha kila asubuhi, kizito, kisichohitaji kubembelezwa. Akakitazama kikopo. Tuseme ukweli, hakufikiri sana. Daktari anataka makohozi, na makohozi haya hapa, tena ya mtu asiyeumwa. Watayakuta safi, habari ya kivuli itakwisha, na mume atarudi nyumbani. Akatema, akafunga, akakifuta kikopo kwa khanga.

Shilinde aliporudi alikikuta kina kitu. Alikiangalia, kisha akaangalia pembeni.

Siku ya majibu Dokta Lupakisyo alisoma karatasi mara mbili.

"Makohozi ya kwanza hayana kitu. Haya ya asubuhi yana wadudu. Plus mbili."

Plus Limi aliijua, aliiona kwenye madaftari ya watoto. Ni kujumlisha. Kikopo kimewajua kwamba wako wawili!

"Wawili nani na nani?" aliuliza.

"Si watu, mama. Ni kipimo cha wingi wa wadudu. Plus mbili ni wengi. Mzee tutamlaza leo."

Shilinde aliinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Limi akachanganyikiwa kabisa. Wadudu wengi wametoka wapi kwenye makohozi safi?

"Hilo ni vumbi la mashine ya mpunga, dokta."

"Mzee anafanya kazi mashineni?"

"Hapana."

"Sasa vumbi la mashine limemfikaje?"

Daktari alikuwa ameshachukua kalamu, anaandika jina la Shilinde kwenye karatasi ya wodi.

"Makohozi ni yangu," alisema. "Ni yangu. Yake yalikataa kutoka."

Kalamu ikasimama.

"Nilijua," alisema Shilinde taratibu, kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie. "Nilikiona kikopo. Nikafurahi."

"Kwa hiyo yeye ni mzima?" aliuliza Limi.

"Bado sijui, mama. Picha yake ni ile ile. Ataleta makohozi mengine, na nesi atasimama naye. Lakini wewe majibu yako ndiyo haya."

"Mimi siumwi."

"Umekohoa tangu lini?"

Alifungua kinywa aseme tangu mashine ifunguliwe. Lakini mashine ilifunguliwa baada ya mavuno, na yeye alikumbuka kuegemea jembe shambani akikohoa, mpunga ukiwa bado mdogo.

"Tangu palizi," alisema.

Daktari aligeuza karatasi upande wa pili. "Nyumbani unalala na nani?"

"Na Baba Jovin."

"Na nani mwingine?"

Mama wa mjukuu wao Naomi alikuwa Kidodi, kwenye kazi ya miwa, na mtoto alikuwa ameachiwa Limi, bibi yake; kwa safari hii tu ndipo alipobaki kwa jirani.

"Mjukuu wangu. Hapati usingizi mpaka nimlaze hapa." Akagusa kifua chake.

"Ana umri gani?"

"Miezi minane." Alimshika daktari mkono, yeye mtu mzima, mbele ya mumewe. "Hata kutema hajui, dokta. Mtampimaje?"