Kioo cha Chumba cha Baridi

Mlango ulijifunga nyuma yake, na mwenye bucha alipouvuta mpini wa ndani, ukamng'okea mkononi.

Alikuwa ameingia kuchukua paja moja tu la ng'ombe, amevaa gauni jepesi. Alipiga mlango kwa ngumi, akaita hadi sauti ikamkauka. Nani angemsikia? Mashine ilikuwa ikinguruma nje, mumewe yuko safarini, na mlango wa duka alikuwa ameurudishia ili ale chakula cha mchana kwa utulivu.

Akachomoa simu. Hakuna mtandao. Akaiinua juu, akaipeleka kona hii na ile katikati ya nyama zilizoning'inia. Wapi! Meno yakaanza kugongana.

"Tulia, mama, tulia," alijiambia.

Kuta zilikuwa za bati la chuma. Hata nyumbani kwake, chini ya bati, simu ilishika dirishani tu: chuma huyarudisha mawimbi, kioo huyaachia yapite. Na mlango huu ulikuwa na kioo, kidogo kama kiganja, kimeganda barafu.

Alikikwangua kwa kucha, akaibandika simu pale. Mstari mmoja! Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa mtaa wa pili.

"Wifi! Wifi, nime..."

Ikakatika. Punde ujumbe ukaingia: "Nywila ya wifi ni ileile. Na wewe kwa kusahau!"

Alitaka kucheka, akajikuta analia.

Vidole vilishakufa ganzi. Kila alipoikamata simu vizuri, mstari ulipotea. Kumbe hata mkono wake ulikuwa unaziba mawimbi. Akaishika kwa ncha za vidole, akaandika kwa kidole gumba kigumu kama kijiti: "nimefungiwa ndan ya baridi bucha". Akatuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Nenda basi. Nenda!"

Ukaenda.

Akarukaruka, akajipiga mabega, mpaka miguu ikagoma. Akateleza chini ukutani. Usingizi ulikuwa umeanza kumbembeleza aliposikia komeo likipigwa, na joto likamvaa mwili mzima.

Wifi yake alikuwa peku, anahema. Alimkokota hadi barazani juani, akaanza kumsugua mikono.

"Mimi nakutumia nywila, kumbe mwenzangu unakufa! Usilale! Nisemeshe. Hata unitukane."

"Mjinga wewe," alinong'ona.

"Haya," wifi akasema huku machozi yakimtoka. "Endelea."