Ufunguo wa Mzee Nchagwa

...nitoe sasa, mwanangu, ndivyo alivyosema, akasema kama mtu anayeomba chumvi, kisha akakishika kikombe cha chai na kukirudisha mezani haraka maana ni cha moto kweli kweli, na kidole cha Mokami kiko juu ya kipanya, mshale umeshalenga neno Ondoa kando ya jina la mzee kwenye orodha ya wasimamizi wa mfumo, na kidole hakishuki ng'o, kitashukaje, huyu ni Mzee Nchagwa, ndiye aliyemfundisha kwamba ndani ya lile dude moja la chuma linalovuma kutwa chumba cha pili zinaishi seva tano zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, na zote akazipa majina ya ng'ombe wake wa Kisaka... Lakini imefunguka, jamani, imefunguka! Dakika mbili tu zilizopita nesi Teresia kapiga simu kutoka zahanati ya Robanda, "Dada Mokami, wagonjwa wangu wote nawaona!" na nyuma yake mtoto analia kwa sindano, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni, Mungu nisamehe, kitamu kabisa, kwa sababu asubuhi hii alishajiona anaaga kazi. Nani alimtuma kufagia majina siku ileile cheti kinapoisha? Cheti cha usalama, kile ambacho seva huonyeshana kabla ya kuzungumza, zijue hakuna mgeni aliyejipenyeza katikati, mwisho wake leo saa nne kamili, kikiisha Robanda hawafungui faili hata moja, hawajui nani dawa gani inamdhuru, na yeye cheti kipya kikiwa tayari tangu Ijumaa akasema ngoja kwanza nipunguze wasimamizi wakuu... maana walikuwa kumi na mmoja! Daktari mkuu, katibu, mhasibu, hata dereva Marwa, kwa sababu huku kwetu mkubwa hanyimwi ufunguo, ukimpa mdogo wake ukamnyima yeye umemtukana mbele ya watu, basi kila mwenye mvi alipewa kila kitu, Marwa hata kuwasha kompyuta hajui lakini siku aliyopewa alinunulia idara nzima soda. Akafagia kwa raha zake, huyu asome tu, huyu aandike dawa tu, huyu aende zake, Mokami N., huyu nani, ah, ile akaunti yangu ya mafunzo, ondoa... Kumbe ndiyo yenyewe! Huna ruhusa, skrini ikamwambia. Mimi? Huna ruhusa. Saa moja na nusu asubuhi, hospitali nzima ya Mugumu inaamka, na yeye kajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe na khanga moja mwilini.

"...na yule mtamba kazaa jana," anasema mzee, "jike, mweupe usoni..." Hongera, tata, hongera baba, anaitikia, lakini macho yako kwenye lile jina moja, NCHAGWA, lililokuwa limebaki peke yake kwenye orodha asubuhi, nalo lilibaki kwa aibu tu, si kwa akili. Miezi minane tangu astaafu, kila wiki mshale unafika pale na kupita, kwa sababu kumtoa mzee ni sawa na kumtolea kigoda chake nje akiwa ameenda kuoga, na lile kosa, ndiyo, kosa, mkaguzi yeyote angemchapa nalo, leo ndilo lililomwokoa. "Shikamoo tata, nimeharibu," "Marahaba, umeharibu nini?" "Naomba paswedi yako," na mzee akawa mkali ghafla, "Paswedi haisemwi kwenye simu, Mokami, hata kwa mwanangu," akakata, akapanda bodaboda kutoka Kisaka, akaingia saa nne kasoro dakika ishirini vumbi mpaka kwenye nyusi, akachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa, akamrudishia nafasi yake, na cheti kikakaa zikiwa zimebaki dakika sita. Sita! Alitaka kumkumbatia, akaona haya, akamtilia chai. Na sasa anasema nitoe... tata, pumzika kwanza, kunywa chai, hilo halina haraka.

"Halina haraka kwako," mzee anasema, na sauti yake imeshuka. "Mtu akihama boma na ufunguo wa zizi mfukoni, siku ng'ombe wameibiwa na mwano, lile yowe la wizi, umepigwa, nyayo zitafuatwa mpaka kwa nani? Miezi minane, nikisikia redioni wizi wa mitandao nashika kifua. Nilikungoja unitoe. Nikaona una aibu, nami kuomba nikaona aibu." Loo! Kumbe! Wote wawili, yeye huku anamtunzia heshima, mzee kule usiku halali, heshima imekuwa gunia la mahindi kichwani mwa mtu ambaye hakuna anayemtua, na Mokami anacheka, anacheka mpaka machozi, na mzee naye anacheka bila sauti, mabega tu. Kwanza amwongeze Steven, fundi mwenzake wa zamu, wawe wawili, asije akajifungia nje tena, haya, Steven yumo. Mshale unarudi palepale ulipokuwa, kidole palepale, lakini sasa ni chepesi, jamani, chepesi. Anabonyeza. Skrini inauliza.

"Tata, inataka kujua kama nina uhakika."

"Iambie ndiyo," anasema Mzee Nchagwa, akikipuliza kikombe ambacho bado ni cha moto, "leo nikalale."