Semeni Kiswahili

Mara ya kwanza Sirili kusema "Jumamosi" ilikuwa mwishoni mwa Machi. Evelyn alikuwa amebakiza wiki tano kujifungua, na alichoomba kilikuwa kitu kimoja tu: ashuke Moshi mjini kabla mvua hazijaharibu barabara, akae Rau kwa Maulida mpaka siku zake zitimie, akajifungulie hospitali. Maulida aliuza mitumba sokoni Kiboriloni, meza yake ikipakana na ya Sirili, na ndiye aliyejitolea chumba. Alisema hata chandarua kipo.

"Jumamosi nitakupeleka," Sirili alisema.

Jumamosi ile kukawa na msiba upande wa juu wa kijiji. Jumamosi iliyofuata pikapu ya Basili, ambayo ndiyo iliyowashusha wafanyabiashara wote wa kijiji kile cha Kirua Vunjo, ikapasuka gurudumu na hakukuwa na la akiba. Evelyn alikuwa ameshavaa viatu. Alivivua, akakaa kitandani na begi lake magotini, akamsikiliza mume wake uani akicheka na Basili kana kwamba kilichoharibika ni safari ya kwenda kunywa mbege.

Alikuwa mwanamke wa Kitwe, Zambia. Huko ndiko alikokutana na Sirili, fundi magari aliyekwenda kutafuta maisha, na huko ndiko walikofunga ndoa na kumzaa Stella, hospitalini, kwa saa sita, na nesi aliyemweleza kila kinachotokea. Kisha gereji ikafungwa. Sirili akasema watarudi kwao, kuna kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, kuna kahawa, kuna ndizi, kuna ng'ombe wawili zizini, mtu hawezi kulala njaa. Yote hayo yalikuwepo. Ila bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na Sirili, badala ya kuipogoa mibuni, akaanza kuuza mashati ya Ulaya Kiboriloni. Nyumba yao ilifika usawa wa madirisha ikasimama. Kwa mwaka wa pili sasa walikuwa wakiishi kwa mama yake, Mama Theopista, mjane wa miaka sitini na mitano, mkavu, mwenye nguvu, ambaye maneno aliyomwambia mkwewe kwa siku yangehesabika kwa vidole.

Kiswahili Evelyn alikuwa amejifunza, kwa kukosea na kuchekwa. Lakini kwenye kihamba kile hakikumsaidia sana. Mezani walizungumza Kichagga. Zizini Kichagga. Wageni walipokuja walimwamkia kwa Kiswahili, kisha wakageukiana na kuendelea na yao, naye akabaki akitazama midomo. Alipomuuliza Sirili walisema nini, jibu lilikuwa lile lile.

"Hamna. Mambo ya shamba tu."

Kuhusu kujifungua, Mama Theopista alisema sentensi moja, kupitia kwa Sirili. "Mama anasema watoto wake wote saba walizaliwa chumba kile pale. Anauliza chumba kina kosa gani."

"Umwambie sababu yangu," Evelyn alisema. "Unaijua. Mwambie."

"Nimemwambia."

Jumamosi ya tatu ilikuwa katikati ya Aprili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya masika isiyo na haraka. Sirili alivaa koti, akasema Maulida ametuma habari kwamba robota jipya linafunguliwa asubuhi, asipokuwepo wenzake watachagua mazuri yote. Atashuka na Basili, na saa sita pikapu itapanda tena kumchukua.

"Nichukue sasa," Evelyn alisema. "Nitakaa kwenye gari."

"Pale mbele wamekaa wazee wawili, mama Stella. Nyuma kuna mikungu ya ndizi, utakaa wapi? Saa sita. Siyo mbali."

Alitaka kumrushia kikombe. Hakurusha. Alisimama kibarazani akaitazama pikapu ikiteleza kwenye tope mpaka ikapotea nyuma ya migomba, na kwa hasira hakumuaga.

Saa nne uchungu ukaanza.

Mwanzo alijidanganya kuwa ni mgongo. Alikunja nguo za Stella, ambaye alikuwa kwa shangazi yake tangu jana, akazikunjua, akazikunja tena. Maumivu ya nne yalimkuta mlangoni, akashika mwimo. Mama Theopista alikuwa akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, maji yakimchuruzika. Alimtazama mara moja tu. Akautupa mzigo chini, akaita kwa sauti kuelekea kwa jirani, na kabla Evelyn hajapata pumzi Mektrida akawa ameshaingia uani na mfuko wake wa plastiki mweupe.

Mektrida alikuwa mkunga wa jadi, mwanamke wa makamo, mnene, aliyewahi kwenda semina mjini na kurudi na glavu, mkasi na cheti. Evelyn alimjua kwa kusalimiana tu.

"Shikamoo," Evelyn alisema, kwa mazoea, huku amejikunja.

"Marahaba. Njoo ndani."

"Nasubiri gari. Saa sita gari linakuja."

Mektrida akamwambia Mama Theopista kitu. Mama Theopista akajibu. Wakamshika mikono, mmoja huku mmoja kule, wakamwingiza chumba kile pale.

Kilikuwa chumba safi. Hilo Evelyn alilikubali moyoni hata siku ile. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jeupe lililopigwa pasi, beseni mbili zipo, na jikoni maji yalikuwa yakichemka. Alipoviona vile vitu akaelewa kuwa chumba hakikuandaliwa asubuhi ile. Kilikuwa tayari siku nyingi. Wakati yeye akihesabu Jumamosi, nyumba nzima ilishajua kwamba hataondoka.

"Mlijua!" alisema. "Mlijua mtanizuia!"

Mektrida akavaa glavu. Maumivu yalikuja, na kwa muda mrefu hakukuwa na nafasi ya kugombana.

Saa sita ikafika ikapita. Gari halikuja. Evelyn alikuwa amepiga magoti, ameshika ubao wa kitanda, na wale wanawake wawili walikuwa nyuma yake, wakizungumza. Kwanza polepole, kama watu wanaochagua maharage. Kisha Mektrida akasema neno fupi. Mama Theopista akauliza. Mektrida akalirudia lile neno, sasa kwa ukali, na Mama Theopista akanyamaza.

"Kuna nini?" Evelyn aliuliza.

"Usisukume," Mektrida alisema, kisha akamgeukia mwenzake na kuendelea kwa Kichagga, haraka haraka.

"Kuna nini? Mbona nisisukume?"

Wakaendelea wao kwa wao. Mkono ulimgusa, neno likapita juu ya mgongo wake, jingine likarudi. Ilikuwa kama mezani, kama zizini, kama siku zote mbele ya wageni. Ila leo walichokuwa wakikijadili kilikuwa mwili wake.

Evelyn akageuza shingo akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Semeni Kiswahili! Mama yangu alikufa hivi hivi! Kitandani kwake, na wanawake wanaongea, na hakuna aliyemwambia kitu! Nilikuwa mlangoni, nilikuwa na miaka kumi na minne! Kama nakufa niambieni! Semeni Kiswahili!"

Mvua tu kwenye bati.

Mama Theopista akazunguka kitanda, akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Hawakuwahi kuwa karibu vile. Yule mama akafungua mdomo, akafunga, na ndipo Evelyn alipoona jambo ambalo kwa miaka miwili hakulifikiria: kwamba mama huyu alikuwa akiona aibu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Shule hakwenda, sokoni aliuza kwa watu wa kwao, na chote alichokuwa nacho alikipata kanisani.

"Usiogope, binti," alisema, neno moja moja. "Mzao wa tumbo lako... amezungukwa. Kamba ya kitovu. Hapa." Akajigusa shingo. "Mektrida anamfungua. Wewe ngoja. Mimi nitakuambia saa."

"Ni mzima?"

Mama Theopista akamuuliza Mektrida, akasikiliza, akamrudia. "Mzima. Anao moyo. Ngoja."

Akangoja. Hakuna jambo gumu alilowahi kulifanya kama kungoja kule. Mkono wa Mama Theopista ulikuwa umeshika wake, mkavu na mgumu kama gome, na kila Mektrida aliposema neno, yule mama alilitafutia Kiswahili. Amevua kamba mara moja. Bado moja. Sasa ametoka kifungoni. Sasa, binti, sasa.

Mtoto alitoka akiwa wa buluu, akanyamaza kwa muda ambao Evelyn hakuweza kuupima, kisha akalia kwa hasira. Wa kike. Kondo la nyuma lilichelewa, na Evelyn akaogopa upya, kwa kuwa la mama yake ndilo lililokataa kutoka. Lakini Mama Theopista hakuacha kumweleza, damu ni kiasi, Mektrida anakanda tumbo, linakuja, limekuja lote zima. Alipolisikia "zima" akalala chali akalia mpaka akachoka.

"Sirili hakuniambia," Mama Theopista alisema, akimfuta jasho. "Habari ya mama yako. Hakuniambia."

Evelyn alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kukasirika wakati ule, lakini alijua zitarudi.

Sirili alifika saa tisa, kwa miguu, matope mpaka magotini. Pikapu ilikuwa imekwama njiani. Begani alikuwa na gunia la mashati. Alisimama mlangoni akatabasamu, akamtazama mtoto, akasema, "Si unaona? Mambo yamekwenda vizuri."

Mama yake akainuka. Angeweza kumsema kwa Kichagga, na pengine baadaye usiku alimsema sana. Lakini pale, mbele ya mke wake, alimsema kwa Kiswahili, ili na Evelyn asikie.

"Umekosa, Sirili. Umekosa kwa kutotimiza wajibu."

Sirili akaangua kicheko, maana yalikuwa maneno ya misa. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Evelyn aliletewa mtori wa ndizi asubuhi, na jioni bakuli la mlaso, damu ya ng'ombe iliyopikwa kwa maziwa na siagi, ambao ni chakula cha mzazi. Alikula mtori. Mlaso ulimshinda, akausukuma, Mama Theopista akaurudisha, akausukuma tena. Alikatazwa kutoka nje. Alikatazwa kuosha hata kikombe. Sasa aliambiwa yote kwa Kiswahili, na aligundua kuwa kukatazwa kwa lugha unayoielewa hakufurahishi zaidi, ila angalau unaweza kubisha. Wakabishana kila siku. Kiswahili cha mama kikapata maneno mapya, mengi ya ugomvi.

Kubwa zaidi lilikuwa jina. Baba mdogo wa Sirili, mzee Ndelilio, alikuja na wazee wenzake wakakaa sebuleni. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, alisema. Kwa hiyo huyu ni Theopista.

"Wa kwanza ni Stella," Evelyn alisema. "Huyu ni wa pili. Wa pili huchukua jina la bibi mzaa mama. Ndiyo desturi yenu, nimeisikia."

"Stella alizaliwa ugenini," mzee alijibu kwa upole. "Kwa hesabu ya nyumbani huyu ndiye wa kwanza."

Evelyn akamtazama Sirili. Sirili akatazama kofia yake.

Wiki ya saba, Evelyn alikataa kukaa ndani zaidi. Mtoto alihitaji chanjo na kadi. Wakaenda zahanati yeye na Sirili, wakapanga foleni kwenye benchi na akina mama wengine ishirini. Nesi alikuwa msichana mwenye haraka.

"Amezaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani!" Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, wewe umesoma, naona. Mbona hamsikii? Tunasema kila siku, hospitali, hospitali. Ungepoteza mtoto ungemlaumu nani?"

Benchi zima liligeuka. Evelyn alimsubiri mume wake aseme. Sirili alikohoa.

"Uchungu ulimwanza ghafla," alisema. "Na yeye alichelewa kusema."

"Nilisema!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe na mtoto akaamka. "Nilisema Jumamosi tatu! Wewe ndiye ulikwenda kuchagua mashati!"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Hee!" Sirili akageuka kuangalia dirisha. Nesi, ambaye sasa hakujua amgombeze nani, akashika kalamu.

"Haya. Jina la mtoto?"

"Theo—" Sirili alianza.

"Chanda," Evelyn alisema.

"Chanda? Chanda cha mkono? Kidole?"

Watu wakacheka.

"Chanda. Jina la marehemu mama yangu. Kwetu si kidole. Andika."

Nesi akaandika.

Njia nzima ya kupanda Sirili hakumsemesha. Evelyn naye alitangulia, mtoto mgongoni, akijua kuwa jioni ile mzee Ndelilio atakuja tena, na kuwa nyumba yao bado iko usawa wa madirisha. Alipofika, Mama Theopista alikuwa akikamua. Evelyn alimwonyesha kadi. Mama hakujua kusoma, akamwomba amsomee. Alipolisikia jina aliacha kukamua, mikono yake kwenye chuchu za ng'ombe, na ilionekana wazi kuwa limemuuma.

"Nilitaka langu," alisema.

"Najua, Mama."

"Padre atampa la ubatizo. Hilo litakuwa langu."

"Sawa."

"Na nyumbani tutamwita hilo."

"Nyie mwiteni. Mimi nitamwita Chanda."

Mama Theopista akaguna, akarudia kukamua. Na ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alikua akiitwa kwa majina mawili kutoka pande mbili za ua ule ule, na mara nyingi hakuitika lolote.