Mbili, Kisha Moja

Taa ya kruzi, kile kifaa kinachoshika mwendo bila mguu kukanyaga mafuta, ilimemeteka kwenye dashibodi mwezi mzima mpaka Daktari Beatrice akaichoka. Alikuwa na zahanati yake binafsi Makandana, na gari lilikuwa mtumba lililopitia Dubai. Alilipeleka kwa Nsajigwa, fundi umeme, akiwa na dereva wake Jotham.

Nsajigwa alifungua boneti, akaunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, akawasha swichi ya gari. Taa ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara moja.

“Mbili, moja. Hiyo ni namba ya hitilafu: kompyuta ya kruzi ilikosa taarifa ya spidi,” fundi akasema.

“Mbona mshale wa spidi unafanya kazi?” daktari akauliza.

“Leo unafanya. Kuna siku haukufanya, na kompyuta imekumbuka.”

“Futa tu hiyo namba, fundi,” Jotham akadakia. “Gari bovu hili.”

Nsajigwa aliingia chini ya dashibodi, akaufuata waya wa spidi kwa vidole. Nyuma ya kisahani cha majivu akagusa swichi ndogo iliyofungwa kwa utepe mweusi. Ukiizima, gari linatembea, kilometa zimesimama.

Alibaki amelala pale, akikumbuka. Mwezi uliopita Tumpe, binti wa kaka yake, alishikwa na uchungu huko Masukulu. Daktari akiwa Mbeya, gari amemwachia Jotham, watu walikimbia kuliomba gari. Jotham hakuonekana mpaka jioni, akasema lilikataa kuwaka kutwa. Namba za kilometa, ambazo hazikusogea, zikamtetea. Mtoto alifia njiani, Tumpe akibebwa kwenye machela. Msibani Jotham alilia kuliko wafiwa, akala wali sahani mbili.

Nsajigwa akatoka, swichi mkononi. “Siku ya Tumpe ulikuwa wapi?”

Jotham aliitazama ile swichi. “Nilikuwa Masoko. Nilibeba ndizi za watu. Sikujua kama hali ni mbaya vile, kaka.”

“Usiniite kaka.”

Daktari alinyoosha kiganja, Jotham akaweka funguo. Kisha Jotham akamgeukia Nsajigwa, mkono mbele, kuomba radhi. Nsajigwa aliutazama mkono ule, ulionawa na kula msibani kwao. Akatema mate kando, akaenda kunawa mikono yake kwa sabuni, ingawa hakumgusa.

Jioni alipanda Masukulu. Alikaa mbele ya Tumpe, hajui aanzie wapi kumwambia kwamba siku ile gari lilikuwa zima.