Mama Kwenye Shuka la Amerikani

Adhuhuri hiyo, huko Mlandege mjini Iringa, Evarista aliziba madirisha ya sebule kwa mablanketi. Jua likatolewa nje kama mwanafunzi mchelewaji, na vumbi likabaki linaelea polepole gizani.

Mdogo wake Edmund, mpiga picha, alikuwa amefika kutoka Mbeya na kamera ya sinema, uso wake mzito kama wa askofu aliyekuja kutoa kipaimara. Padri mmoja aliwahi kumpiga sinema marehemu mama yao akianika karanga. Sasa mkanda ule ulikuwa umechakaa, ikabidi uonyeshwe kwenye shuka, na Edmund aipige upya picha inayotokea hapo.

"Mkanda utapita mara mbili tu, dada. Kwanza tunakagua, halafu napiga. Baada ya hapo tuusomee misa."

Mkaguzi mkuu alikuwa baba yao, Mzee Filemoni, ambaye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Evarista alitaka jambo moja: baba amwone mkewe na kumtambua kabla ukungu haujafunga kabisa.

Kwa heshima ya tukio, alikuwa amelifua shuka hilo la kitanda kwa bluu ya kufulia, maradufu. Edmund akawasha projekta. Mwanamke akaelea shukani, wa samawati, kama aliyefufuliwa haraka bila kupashwa moto.

"Nani huyo?" Mzee akauliza.

"Mama, baba."

"Mama yenu hakuwa na baridi hivyo. Simjui."

Edmund akazungusha lenzi. Picha ikawa kali zaidi, na mwanamke akabaki mgeni.

"Ni bluu yako, dada! Umemfua mama!"

Evarista akakimbilia shuka lililotundikwa alitoe, akakatiza kwenye mwanga. Kwa sababu ya baridi alikuwa amejitanda shuka kuukuu la amerikani, rangi ya mtindi, na picha ikatua mgongoni mwake.

Mzee akasimama. "Hapo hapo! Huyo ndiye Severina wangu. Usigeuke!"

Basi Evarista akatanua mikono, shuka likatandazika mgongoni. Edmund akaurudisha mkanda mwanzo, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kupiga. Evarista peke yake hakumwona mama; mbele yake kulikuwa na bluu tupu.

"Anafanya nini, baba?"

"Anafukuza kuku. Kavaa ile kanga niliyomkataza."

Mikono ya Evarista ikaanza kuchoka.

"Dada, tulia! Mama anatetemeka, picha inaharibika!"

"Mwache," Mzee akasema. "Ndivyo alivyokuwa akicheka."