Ufa Katika Barua

Mwezi wa Rajabu, ufa wa ukuta ulikuwa unapitisha kidole. Kufika Shaabani ulikuwa unapitisha finjani ya kahawa, na Bi Sukaina, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaona hana haja tena ya kushuka ngazi na kuzunguka uchochoro. Kila baada ya alasiri alisogea ukutani kwake, akaita:

"Bi Shariffa!"

"Naam!"

Finjani ikapita. Bi Shariffa akaipokea hapo hapo kitandani, maana tangu avunjike nyonga mwaka jana hajatia tena mguu chini. Ufa ulikuwa juu ya mto wake.

Bintiye, Khawla, mwalimu mstaafu, hakuipenda kahawa ile hata kidogo. Nyumba ilikuwa ya serikali, na mpangaji haruhusiwi kugusa ukuta bila idhini. Masika nayo hayo yanakuja. Kuta za mawe na chokaa zikinywa maji huanguka, na huu ukianguka utamwangukia mamake. Usingizi ulikuwa umeshamruka Khawla.

Barua yake ya kwanza ya kuomba ufa uzibwe ilirudishwa kwa kukosa muhuri wa sheha wa mtaa. Ya pili ilikwamia kwa Gharib, karani wa mapokezi wa Ofisi Inayohusika, ambaye Khawla ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, mwalimu. Umeandika 'nataka'," alinong'ona Gharib. "Wakubwa watakasirika. Andika 'naomba kwa heshima na taadhima'. Na hapa, 'mama yangu atakufa', hebu punguza kidogo."

Akapunguza. Mama akawa 'mkaazi', kufa kukawa 'usumbufu'. Barua ikapokelewa, ikapewa namba, ikalala fofofo.

Basi ya tatu akaiandika kwa hasira, taadhima akaiweka kando. Ufa unapitisha finjani, aliandika. Uko juu ya kichwa cha mama yangu. Jina lake Shariffa. Alipotia nukta, karatasi ikaingia ufa. Haikuchanika, ulikuwa ufa hasa, unamwaga unga wa chokaa. Khawla akaupuliza ule unga. Hofu yake ilikuwa moja tu, sheha asije akaikataa kwa uchafu. Sheha akagonga muhuri pembeni, mbali na ufa.

Gharib akaandika kwenye daftari lake: barua moja, ufa mmoja. Akaitia kwenye faili. Jumatatu ufa ulitoka kwenye faili ukaingia kabatini. Jumanne ukapanda ukuta. Jumatano ukafika chumba cha mkurugenzi, nyuma ya kiti chake, naye akakisogeza kiti. Alhamisi asubuhi mafundi walishafika ofisini na chokaa na ngazi ndefu.

Khawla, aliyekuja kuulizia barua yake, alipowaona alifurahi. Akamfuata fundi mkubwa.

"Mkimaliza hapa ndo mnakuja kwetu?"

"Mimi nimepewa ukuta huu tu, bibi."

Kazi waliifanya vizuri, lazima isemwe. Waliuziba ufa tangu ulipoanzia, yaani kwenye karatasi yenyewe, wakailainisha kwa mwiko. Maneno yote yakawa chini ya chokaa, ukabaki muhuri wa sheha. Gharib akamkabidhi barua yake pamoja na jibu: Kichwa cha habari chahusika. Ufa ulioutaja umekaguliwa na kuzibwa. Faili limefungwa. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako.

"Hongera, mwalimu," alisema Gharib, na alisema kwa moyo mkunjufu. "Wengine husubiri miaka."

Khawla alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya mwanafunzi wake. Akaibeba barua kwa mikono miwili, maana ilikuwa nzito, akarudi nyumbani.

Ramadhani, kumi la pili, mvua ilianza adhuhuri na haikukatika. Ilipoadhiniwa magharibi Bi Sukaina akaita, akapitisha sinia zima la futari, mihogo ya nazi, kaimati na bakuli la uji, bila kuliinamisha.

"Pokea, mwanangu," alisema Bi Shariffa. "Usimchoshe mwenzio."

Walipokwisha kufuturu, Khawla akashika kalamu. Ufa sasa unapitisha sinia, aliandika, na karatasi ikaachana vipande viwili, juu mpaka chini. Akachukua nyengine, nayo vivyo hivyo. Akaitungua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake. Ikaachana.

"Ushamaliza?" aliuliza mama. Unga wa chokaa ulikuwa unamdondokea kwenye mtandio.

"Bado, mama." Akampangusa. Kisha akasogea kwenye ufa. "Bi Sukaina, samahani. Huna karatasi kubwa hapo kwako?"

"Ipo, mwanangu. Kubwa kiasi gani?"

Khawla akautazama ukuta, kutoka dari mpaka chini. Akaanza kuupima kwa shubiri.