Niyongabo Ametulia

Neno alilolipenda Esteri mwaka huo lilikuwa "ametulia". Alilisema kisimani, alilisema gulioni Kumsenga, na Jumapili moja alisimama kanisani akalisema kwenye kipaza sauti, wanawake wakimpigia vigelegele. Nani angemlaumu? Mwanawe Niyongabo alikuwa ameteswa na skizofrenia miaka kadhaa, akigombana na sauti alizozisikia peke yake, akikimbilia barabarani nusu uchi. Sindano ya kila mwezi kutoka kliniki ya Kibondo ilizinyamazisha sauti hizo. Esteri alimshukuru Mungu. Sindano akasahau kuitaja.

Tatizo ni kwamba kijana alitulia kupita kiasi. Maharage aliyokuwa akiyagombania aliyaacha yapoe. Alishinda kitandani ameelekea ukutani, na jembe lake akamgawia jirani. Esteri, kwa kupenda habari njema, akamsifu kwa ukarimu. Siku moja wakimenya muhogo, Niyongabo alimwambia mama yake kwamba amechoka, wala si mwili, amechoka kuwapo duniani. Esteri alitazama mlangoni kwanza, isije ikawa kuna mtu anasikiliza. Kisha akamwomba asirudie maneno hayo, kwa kuwa watu wameshausikia ushuhuda, na wakijua bado anaumwa watasema mama yake amemsingizia Mungu.

"Ego, mama," Niyongabo alikubali, kama alivyolelewa. Hakurudia.

Hata kliniki mama ndiye aliyejibu. Kwetu mgonjwa wa akili huenda na msemaji wake, na msemaji akishaanza, mgonjwa hutazama sakafu. Analala? Analala. Anakula? Anakula, ametulia kabisa. Anachomwa sindano, wanarudi nyumbani. Mpaka alipokuja daktari mpya aitwaye Winifrida, mpole wa sauti lakini king'ang'anizi. Alimwomba Esteri anyamaze kidogo, akasogeza kiti karibu na kijana, akamwuliza yeye mwenyewe moyo wake ukoje.

Niyongabo hakumtazama daktari. Alimgeukia Esteri.

"Mama, niseme?"

Esteri alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtoto alikuwa akiteketea ndani kwa ndani muda wote huo, akingoja ruhusa yake. Aliitikia kwa kichwa.

Niyongabo akasema taratibu. Sauti zimeondoka, lakini zimemwacha mtupu. Kila asubuhi anajuta kuamka. Alikuwa ameamua wiki hiyo isiishe akiwa hai. Winifrida hakushtuka. Alieleza kwamba sonona huwapata wengi wenye ugonjwa huu, hata sauti zikishanyamaza, na kwamba inatibika. Sindano isikatishwe, ila ataangalia kama kipimo chake kinamlemea. Ataongeza vidonge vya sonona, na Niyongabo atakuja kuzungumza naye kila wiki. Vidonge vitunzwe na mama, na kijana asiachwe peke yake.

Njiani Esteri alilia bila kujificha. Alimwambia mwanawe kwamba Jumapili atasimama tena kanisani, atubu mbele ya watu wote, awaambie jinsi alivyomziba mdomo.

"Usisimame, mama," Niyongabo alisema. "Kanisa umeshaliambia mengi. Mimi bado hujaniuliza."

Esteri aliketi palepale kwenye nyasi kando ya barabara, akamshika mkono aketi naye, akamwuliza.